Unakatia Nini?

Mteja akija na picha kwenye simu, huwa simwambii anionyeshe. Namwambia airudishe mfukoni kwanza, akae kwenye benchi, anieleze kisu anakitakia kazi gani. Wengine huona kama nawadharau. Mtu ametoka Tegeta na foleni yote ile, picha kaitunza wiki nzima, halafu fundi mwenye aproni iliyotobolewa na cheche hataki hata kuitupia jicho. Lakini nikishaiona picha tumepotea wote wawili. Yeye ataanza kunisimulia picha, mimi nitaanza kuwaza ile ncha nitaipindaje, na hakuna atakayekumbuka kwamba kisu hicho kinakwenda kukata nyama ya ng'ombe buchani, juu ya gogo la mwembe, tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa hiyo nauliza mambo matatu. Unakatia nini? Nani atakinoa? Kikimaliza kazi kinalala wapi? Agizo limo humo. Picha tutaitazama baadaye tukipata nafasi.

Kazi hii nilifundishwa Ilala na mzee mmoja aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo, enzi ambazo majembe ya UFI yalikuwa yakienda mikoa yote. Mzee hakuwa na maneno mengi, na yale machache aliyokuwa nayo aliyatoa akiwa amekereka. Kiwandani hakuna mteja, alikuwa akisema, kuna ghala. Unatoa mapanga ya namna moja, maelfu kwa maelfu, na mkulima wa Songea au wa Kahama atajirekebisha mwenyewe kulifuata panga. Alipofungua kibanda chake, kipande cha reli ya zamani kikiwa ndilo fuawe, mambo yakageuka: sasa panga ndilo lililotakiwa kumfuata mtu. Nadhani jambo hilo lilimsumbua mpaka anaweka nyundo chini. Alikuwa fundi hodari kuliko nitakavyowahi kuwa mimi, ila wateja hakuwaweza. Aliwatengenezea kisu kizuri kabisa cha mtu mwingine.

Chuma ninachotumia zaidi ni springi za malori, zile za bapa, zinazouzwa kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu. Nyingi ni za chuma chenye kaboni kama asilimia 0.6 hivi, na kromi isiyofika asilimia 1. Kaboni ndiyo inayokiwezesha chuma kushika matiko. Kromi husaidia matiko hayo yafike hadi ndani, yasiishie juu juu. Nondo ya kujengea, hata uifue mpaka jasho likuishe, haina kaboni ya kutosha, na ukiipasha na kuizamisha hutoka haina ugumu wa kushika makali. Tupa nayo ina kaboni asilimia 1 na zaidi. Inatoa makali ya kunyolea ndevu, lakini haina subira: ukiibana vibaya, inakatika. Kabla sijalipia kipande chochote nakigusisha kwenye jiwe la grenda nitazame cheche. Za nondo ni mistari mirefu iliyonyooka, michanuo michache. Za tupa zinalipuka karibu kabisa na jiwe, michanuo tele. Springi ipo katikati.

Shida ya springi ni kwamba hakuna anayeitupa ikiwa nzima. Imefika kwa muuza chakavu kwa sababu imevunjika, na iliyovunjika mahali pamoja huenda imeshaanza kupasuka pengine pasipoonekana. Ufa hupenda kuanzia kwenye tundu la boliti ya katikati, kwa hiyo mimi hununua vipande vya nchani. Hata hivyo sikiamini kipande. Nakisugua king'ae, nakipaka mafuta ya taa, nakiacha kidogo, nakifuta kikauke, kisha nakipaka chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kulowesha chaki, ukaona mstari mwembamba mweusi. Kipande hicho nakirudisha kilikotoka, na muuza chakavu wangu ameshazoea. Huniwekea kwenye mizani tena bila kuuliza.

Mteja haoni lolote kati ya hayo wala hana haja ya kuyaona. Ila lipo jambo moja la chuma ambalo lazima alielewe kabla sijawasha mkaa, nalo ni kwamba kisu hakiwezi kuwa na kila kitu.

Bapa nalipasha mpaka sumaku iache kulishika. Hapo ni nyuzi 770 za Selsiasi. Nazidisha kidogo, kwenye 830 hivi, kisha nalizamisha kwenye mafuta yenye uvuguvugu. Likitoka, tupa inateleza juu yake bila kuuma. Ni gumu kweli, lakini ugumu huo ni wa glasi: likiniponyoka likagonga sakafu linaweza kukatika vipande viwili. Basi naliingiza kwenye oveni, nyuzi 200, saa mbili, mpaka lipate rangi ya manjano iliyopauka. Nikiishia hapo, makali yatadumu, ila yatamegeka ukigonga mfupa. Nikipandisha moto rangi inapita kwenye kahawia, inaingia zambarau, na kwenye 300 inakuwa bluu. Hapo una chuma kinachokubali kupinda na kurudi bila kukatika, na makali yanayolala mapema. Kila kisu nilichowahi kuuza kiko mahali fulani kati ya manjano na bluu. Na ukiacha moto, kuna unene: bapa jembamba linapita kwenye nyanya bila kuiminya, na hilo hilo ukililazimisha kwenye mfupa linapinda. Ukitaka unene wa mfupa, nyanya itakuwa inapasuka badala ya kukatika.

Kumhudumia mteja, kwa jinsi ninavyouelewa ufundi huu, ni kumsaidia achague atakachokosa. Watu hawajazoea. Dukani wameambiwa kisu ni kikali, ni kigumu, hakishiki kutu na bei yake ni rahisi, vyote pamoja, na wamekiamini mpaka kilipofika nyumbani. Wakija kwangu wananisikia nikiwapunguzia sifa za kisu ambacho hata sijakitengeneza.

Kijana mmoja mwenye bucha kule Buguruni alitaka kisu kimoja cha kutolea nyama kwenye mfupa na kukatia mfupa huohuo.

"Shoka unalo?" nikamuuliza.

"Ninalo, fundi. Nataka niachane nalo. Linanichosha."

"Basi linoe shoka. Kisu nitakachokufanyia, siku ukikigonga kwenye goti la ng'ombe, usinipigie simu."

Akacheka, nikamwambia sicheki. Nikamwonyesha visu viwili vya zamani, kimoja kinene kimoja chembamba, nikampa kipande cha bonge la nyama nililomwomba mpishi wa jirani, nikamwambia akate mwenyewe. Akakata. Hakurudia tena hadithi ya mifupa. Alikwenda na kisu chembamba chenye urefu wa kiganja na nusu, na nasikia shoka limebaki palepale kwenye gogo.

Swali la pili, nani atakinoa, ndilo watu wanaloliona la ajabu. Lakini angalia. Mpishi wa hoteli moja ya ufukweni alikuja na kinoo chake kwenye mkoba, amekifunga kwa taulo. Mtu huyo ananoa mwenyewe, kwa maji, taratibu, pembe ileile kila siku. Kisu chake nilikiacha kwenye manjano. Kigumu, maana anajua kukirudisha. Mama mmoja muuza chakula karibu na gereji yetu alitaka kisu cha umbo lilelile, kwa kuwa alikiona cha mpishi kikikauka mezani kwangu. Yeye hunoa kwenye ukingo wa ngazi ya saruji, na zikibanana kazi, kwenye kitako cha sahani ya udongo. Chuma kigumu kwenye ngazi ya saruji hakinoleki, kinateleza tu na kumtia hasira. Chake nikakipeleka hadi kahawia iliyokolea. Ukiviweka pamoja huvitofautishi, na kila mmoja angepewa cha mwenzake angeona nimemwibia.

Halafu kuna wanaonolea kwa mtu wa baiskeli, yule anayepita mitaani na jiwe lake likizungushwa na pedeli. Huyo sina neno naye, mwendo wake ni wa polepole. Ninayemwogopa ni mwenye mota ya umeme. Jiwe kavu linakwenda kasi, makali yanapata moto kuliko oveni yangu, na mara mstari wa bluu unatokea kando ya ncha. Mwenye kisu hurudi analalamika kwamba kisu hakikai na makali. Namwonyesha ile bluu. Matiko yameungua hapo. Hayarudi kwa kunoa, yanarudi kwa kusaga chuma mpaka kupita sehemu iliyoharibika. Kwa hiyo mteja akiniambia ananolesha kwa mota, ninamwandikia kabisa kwenye daftari kwamba kunoa ni kwangu. Mwaka wa kwanza simtozi. Wenzangu huona ni ukarimu wa kijinga. Lakini kisu kikirudi kwangu ndipo ninapojua mteja alinijibu kweli au alinifurahisha tu; makali yanaeleza. Yakiwa yamelala upande mmoja karibu na mpini, anakandamiza. Yakiwa na vimeno vidogo nchani, kuna mtu nyumbani anafungulia makopo.

Kinalala wapi? Hili lilinikosesha wateja wote wa Feri, na sijuti. Soko la samaki ni maji ya chumvi alfajiri mpaka jioni. Springi ya lori haina kinga. Ukiiacha na magamba ya changu usiku mmoja, asubuhi ina kutu. Chuma kisichoshika kutu kinahitaji kromi nyingi, asilimia 13 na kuendelea kwa visu vya jikoni, na matiko yake yanadai tanuri la kupima joto kwa makini kuliko mkaa wangu. Vijana wa kupaa samaki walipokuja niliwaambia wanunue vya kiwandani, wafunge mpini kwa ukanda wa mpira wa tyubu usiteleze, kazi iendelee. Mmoja wao baadaye aliniletea mjomba wake mwenye machungwa. Ndivyo wateja wanavyokuja, huwezi kupanga.

Tukishaelewana kuhusu kazi, ndipo ninapochukua boksi. Nalikata kipande, nachora kisu kwa ukubwa wake halisi, nakikata kwa mkasi na kumpa mteja ashike. Mbao nyembamba ni bora zaidi kama ipo. Anakishika, anajifanya anakata, mwanzo kwa aibu, kisha anasahau kwamba anashika boksi. Hapo ndipo nautazama mkono. Kidole gumba kinapanda juu ya mgongo wa kisu? Kidole cha mwisho kinabaki nje ya mpini? Akina mama wengi wanaopika kwa ajili ya watu wengi wamezoea kushikilia mipini minene iliyotengenezwa kwa mkono wa mwanaume fulani wa mbali, na wanadhani maumivu ya kifundo ni sehemu ya kupika. Tunapunguza boksi kwa mkasi, tunajaribu tena. Likishakubalika naliandikia jina na tarehe, mteja anatia saini nyuma. Kuna watu wanacheka kusaini boksi. Siku kisu kinapokamilika nakilaza juu ya boksi lake, na mjadala wa "nilisema kiwe kirefu zaidi" unaisha kabla haujaanza.

Bei huja baada ya boksi, kamwe si kabla. Mteja ambaye hajashika boksi analinganisha bei yangu na ya kisu cha Kariakoo, na ana haki, kwa sababu bado hakuna kitu kingine cha kulinganisha. Nachukua nusu ya pesa mkononi au kwa simu, na siku hiyohiyo naigeuza kuwa vitu: springi, mkaa, gundi, msasa, kipande cha mbao ya mpini. Sifa ya fundi wa mjini kuwaambia watu "njoo kesho" haitokani na uvivu peke yake. Mara nyingi fundi amekula nusu ya Juma kununulia vifaa vya Hamisi, na sasa anamsubiri wa tatu aje na nusu yake ili amalizie cha Juma. Kila mteja anavaa deni la mwenzake. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wamewahi kuagiza kitanda. Mimi tarehe naitaja ya mbali hata mteja akunje uso, maana umeme hukatika, bapa hupinda kwenye mafuta, na gundi ya mpini haikauki kwa sababu mtu ana harusi Jumamosi.

Mpini wenyewe ni hadithi ndefu ambayo nitaifupisha. Mpingo ndio unaotakiwa na kila mtu, na ninaupata kwa wachongaji wa Mwenge, vile vipande wanavyovikata pembeni ya vinyago. Ni mti mzito, ukiutupa majini unazama, na ndio huohuo unaotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya. Una mafuta yake ndani, kwa hiyo kabla ya gundi naufuta kwa spiriti dakika ileile, la sivyo msuka utalegea ndani ya mpini mwaka haujaisha. Mti huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Mteja anayetaka mpingo kwa kisu cha kumenyea viazi namwekea mwembe au mkorosho, na nikimweleza umri wa mti mara nyingi anakubali. Pembe za ndovu huulizwa bado, kwa sauti ya chini, na watu wenye magari mazuri. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989. Jibu langu ni fupi na wanaondoka.

Sasa picha. Mteja akishasaini boksi namruhusu atoe simu yake, na nusu ya picha hizo ni za Damasko: bapa lenye mawimbi ya kijivu na meusi. Tunazungumza. Damasko ya kale, ile iliyosifika Mashariki ya Kati, ilitokana na madonge ya chuma cha wootz kilichoyeyushwa kwenye vyungu huko India ya Kusini na Sri Lanka, na mawimbi yake yalitoka ndani ya chuma chenyewe kilipopoa. Ufundi huo ulififia katika karne ya 19. Inayouzwa leo ni matabaka ya vyuma viwili vilivyounganishwa kwa moto na kukunjwa tena na tena, kisha kuchovywa kwenye asidi inayokula tabaka moja zaidi ya jingine. Ilipata wapenzi wengi upya baada ya fundi wa Kimarekani, Bill Moran, kuonyesha visu vyake vya namna hiyo mwaka 1973. Ni kazi nzuri na ngumu. Na iko ya tatu, ambayo ni chuma cha kawaida kilichochapwa mawimbi juu kwa leza. Isugue na msasa, mawimbi yanakwenda na vumbi.

Mimi Damasko sitengenezi. Kuunganisha matabaka kwa mkaa ninaweza, lakini kwa bei ambayo mteja angelipa ningemnyima jambo jingine, na kisu kisingekata nyama vizuri zaidi. Wengine hutaka ule mstari wa ukungu wa panga za Kijapani. Hapo tena chuma kinakataa: springi, kwa ile kromi yake, inashika matiko kwa kina mno, mstari hauji. Tupa kuukuu ningeweza kuifanyia hivyo. Mteja mmoja, mwalimu, aliposikia hilo alisema kwa masikitiko kwamba basi chuma bora ni cha Wajapani na Wajerumani. Nilimwambia kuhusu Wahaya. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu matanuri ya Kagera, ambako wahunzi walikuwa wakitoa chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, upepo ukiingia tanurini ukiwa umeshapata joto ndani ya mabomba ya udongo. Mwalimu alinyamaza, akaniuliza kama chuma hicho kinapatikana bado. Hakipatikani. Akachukua springi.

Wiki za kuelekea Idd el-Hajj hakuna mazungumzo ya picha wala ya mwalimu. Kuanzia mwezi kuandama, kila aliye na mbuzi anakumbuka kisu. Mafundisho yanataka mnyama asiteswe, makali yawe makali kweli, na kisu kisinolewe mbele ya macho yake. Kwa hiyo wanakuja kabla, wamevifunga kwa magazeti, na kuna vingine havijaona jiwe tangu Idd iliyopita. Kisu cha kuchinjia ni kirefu, kimenyooka, bapa lake jembamba, na makali yasiwe na pengo hata moja. Mzee mmoja mchinjaji wa Vingunguti alinionyesha jinsi anavyokikagua: anapitisha ukucha taratibu juu ya makali kuanzia mpini hadi ncha, macho ameyafumba. Kama ukucha umekwama, kisu kinarudi. Hakunipa sifa wala lawama, alikirudisha tu mezani na kwenda kunywa kahawa, nikajua kuna pahali. Msimu huo sipokei agizo jipya hata kutoka kwa ndugu. Nanoa. Na nikiri kwamba ndio wakati ninaopenda kuliko wote, kwa sababu hakuna anayeuliza bei ya Kariakoo.

Wapo niliowakataa kabisa. Swali la kwanza likijibiwa "cha kutembea nacho tu," au kijana akaonyesha kwa kiganja urefu unaoingia kiunoni, nafunga daftari. Makali pande mbili kwa mtu nisiyemjua sifui. Sihubiri, nasema nina kazi nyingi, na kweli ninazo. Sime za Wamaasai ni jambo jingine. Wengi wao ni walinzi mjini, sime ni vazi na ni kazi, na wanajua wanachotaka kuliko mteja mwingine yeyote: bapa linalopanuka kuelekea ncha, mbavu katikati, uzito uliotangulia mbele ya mkono. Ala nyekundu wanaitafuta wenyewe. Mmoja wao, mzee, alipokuja kuchukua sime yake aliomba mafuta, akajipaka viganjani kabla ya kuipokea kutoka kwangu. Vijana wangu wakaona kama ametutukana. Mimi nilikuwa nimeshasikia habari za il-kunono, wahunzi wa Kimaasai, walioishi pembeni ya wenzao na ambao hawakuozwa mabinti wa wafugaji, ingawa kila mkuki ulitoka mikononi mwao. Silaha ya mhunzi ilipokelewa kwa mkono uliopakwa mafuta. Mzee alilipa bei yote bila kupunguza, akaishukuru sime zaidi ya alivyonishukuru mimi, akaondoka. Mteja asiyenipenda lakini anayejua kazi yake simkatai.

Majuzi alikuja muuza madafu ambaye nilimfanyia kisu chake miaka mingi nyuma. Kilikuwa kipana wakati kinatoka hapa, kizito upande wa ncha, kwa kuwa dafu linakatwa kwa mdundo na si kwa kukereza. Sasa kimekwisha kwa kunolewa, karibu nusu ya upana umeondoka, tumbo limehama kutoka kwenye ncha limekuja katikati. Nikachukua boksi nikaanza kuchora kile cha mwanzo, ninacho kwenye kumbukumbu.

"Sitaki hicho," akasema. "Nataka kipya, lakini kiwe hivi."

"Hivi vipi? Hiki kimeisha."

"Ndiyo nimekizoea. Kile cha mwanzo kilikuwa kinanivuta mkono. Hiki kimeshakaa."

Nilimweleza kwamba upana ule ndio umri wa kisu. Nikianzia hapa kilipofikia, namuuzia kisu kilichokwisha zeeka, hakitadumu hata nusu ya muda wa mwenzake. Akasema sawa, muda huo atakuja kuchukua kingine. Nikakilaza kile kikuukuu juu ya boksi, nikazungusha kalamu pembeni yake, kila pengo na kila mkunjo. Alitia saini nyuma. Kisha akaniambia kwamba kwa kuwa chuma ni nusu, bei nayo iwe nusu. Nikamwambia chuma nanunua kizima, hicho cha kupunguza ndicho kinachonipa kazi mara mbili, na kwa haki angeniongeza. Tukabishana mpaka chai ikapoa, vijana wameacha kazi wanasikiliza. Tukaishia kwenye bei ya kawaida, na madafu mawili yahesabiwe ndani ya malipo ya awali. La tatu alilikata ili kunionyesha jinsi kisu kinavyokaa mkononi, na hilo alitaka nililipie.